Charo Ametangulia Hifadhini

Kila Jumamosi asubuhi Nyamvula alimpigia simu Mwanatabu, na kila Jumamosi alianza vilevile. "Sikuulizi habari za yule mtu," angesema, simu ameibana kwa bega na mikono iko kwenye cherehani. "Nauliza tu, huko Magogoni mvua imenyesha?" Mwanatabu alikuwa jirani yake huko Mtongwe tangu usichana wao, kabla hajaolewa akahamia Magogoni, huko Kisauni, na alilijua swali lenyewe lilikuwa lipi. Alijibu la mvua kwanza, kisha akaeleza yule mtu ameamkaje, amekonda au amenenepa, na wanawe wana kikohozi au hawana. Nyamvula alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hayo mimi sikukuuliza," akakata simu akiwa ameridhika.

Yule mtu ni Charo, mdogo wake, tena wa pekee. Hawakusemezana tangu alipozaliwa binti yake Charo, na binti mwenyewe sasa alikuwa ameanza kung'oka meno ya mbele. Ugomvi ulikuwa wa jina. Kwao Wagiriama, binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, na hapo hapana mjadala. Mama yao aliitwa Kaviha. Alifariki Charo akiwa hajaweza hata kusimama dede, na Nyamvula ndiye aliyemlea. Basi Sarah, mkewe Charo, alipojifungua msichana, Nyamvula alifunga safari kutoka Mtongwe na khanga mpya na kuku wawili, akaingia akipaza sauti, "Yuko wapi Kaviha wangu? Nipeni mama yangu nimpakate!" Mtu na mkewe wakatazamana. Charo akakohoa, akasema mtoto anaitwa Fancy.

"Fan nani?"

"Fancy, dada."

Kuku aliwaacha palepale sebuleni, miguu imefungwa. Alipofika mlangoni aligeuka, akasema kwa sauti iliyosikika nyumba ya tatu: "Mama yenu mmemtupa jalalani. Hapa kwenu sikanyagi tena, labda siku ya matanga!" Na Nyamvula akisema amesema. Mwanamke yule ana kichwa kigumu, hata wanaompenda watakwambia. Lakini alikuwa akiumia. Aliposikia kwa Mwanatabu kwamba Charo ameugua malaria, hakula siku hiyo, na bado hakupiga simu.

Sasa Jumamosi moja, Mwanatabu ndiye aliyetangulia kupiga.

"Nyamvula, umekaa?"

"Nimekaa, nashona sare za watu."

"Acha kushona, ndugu yangu."

Nyamvula akainua mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Wallahi sijui nianzie wapi," Mwanatabu akasema. "Hapa kwa kina Charo imekuja pikapu. Wamepakia turubai, lile la akina mama wa kanisa. Wamepakia masufuria makubwa, magodoro, kuni, jamvi. Sarah macho mekundu, sauti imemkauka, hasikiki. Watoto wote wawili wako naye. Charo simwoni. Nikamwendea, nikamuuliza, 'Sarah mwanangu, baba Griffin yuko wapi?' Akanijibu, 'Ametangulia, mama. Yuko hifadhini. Sisi ndio tunamfuata, tutalala huko nje na watoto.' Hata sikupata kumshika mkono, gari likaondoka."

"Ametangulia," Nyamvula akasema.

"Hivyo ndivyo alivyosema. Pole, Nyamvula."

Hapa nisimame kidogo, nisije nikamliza mtu bure. Charo alikuwa mzima, tena ana njaa. Yeye ni mfanyakazi wa bohari la makontena Changamwe, na alikuwa amewaahidi watoto kwamba shule zikifungwa atawapeleka kupiga kambi, kwa sababu wenzake Griffin, mwanawe wa kiume, walikwenda wakarudi na hadithi zisizokwisha. Kuna hifadhi ya serikali huko Ras Mvuje, kaskazini mwa Kisauni, ufuo wenye miti ya mivinje na mchanga mweupe, ambapo watu huweka mahema yao wakalala siku mbili tatu. Charo hakuwa na hema. Akaazima turubai la kanisani. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa zamu, akapanga kwamba akitoka kazini apitilize moja kwa moja akashike mahali penye kivuli, na mkewe afuate na vyombo. Sarah naye alikuwa na mafua makali, pua na macho yote yanamwaga maji. Hata simu zilizimwa kwa mapatano: Charo alisema anakwenda kupumzika na watu wake, hataki kupigiwa na bosi. Kwa hiyo Sarah alipoulizwa alisema kweli tupu. Lakini hebu mwambie mtu yeyote wa pwani kwamba fulani ametangulia, yuko hifadhini, na mkewe na watoto wamebeba turubai wanakwenda kulala nje, uone kama hatasema innalillahi. Mwanatabu hifadhi aliyoijua ni moja tu, ile ya kuhifadhia maiti.

Nyamvula alipiga namba ya Charo kwa mara ya kwanza tangu ugomvi ule. Mteja hapatikani. Akapiga ya Sarah. Mteja hapatikani. Akampigia tena Mwanatabu, akamuuliza hifadhi yenyewe iko wapi, na Mwanatabu akasema alimsikia dereva akitajiwa Ras Mvuje. Nyamvula hakujua kwamba Ras Mvuje kuna chumba cha maiti, lakini siku hizi kila mahali wamejenga kitu. Akaacha kaptura ya mtoto wa watu chini ya sindano, akajifunga leso kiunoni na nyingine kichwani, akatoka.

Kivukoni alisimama katikati ya feri, na maneno yakaanza kumtoka yenyewe. Hakuwa akilia. Alikuwa akigomba. "Umekufa kwa kunikomoa, wewe," akasema, macho kwenye maji. "Ndiyo tabia yako tangu utotoni, ukikasirishwa unajificha. Mimi nilikuwa nakuja. Nilikuwa nakuja, ila nilitaka wewe uanze. Hungengoja? Una haraka gani?" Mama mmoja aliyebeba kapu la mboga akamsogelea, akamuuliza kama ana mgonjwa. Nyamvula akamwambia, "Nina ndugu yangu aliyekufa nikiwa nimemnunia," na aliposema hivyo kwa sauti, ndipo alipoelewa. Siyo kifo tu kilichomuuma. Watu hufa, mama yake alikufa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba yule mtoto aliyembeba mgongoni ameondoka duniani akijua dada yake hamtaki.

Ng'ambo alipata tuktuk, baada ya madereva wawili kukataa kwenda mbali.

"Kijana, wapajua Ras Mvuje? Hifadhini?"

"Napajua sana, mama. Ingia. Ila leo Jumamosi, huko kumejaa."

"Kumejaa?"

"Pomoni! Siku hizi watu wanapapenda. Juzi nimepeleka familia nzima, baba, mama na watoto wanne."

"Yarabi! Ajali?"

"Ajali ya nini? Walienda kwa hiari yao."

Nyamvula akashika chuma cha kiti. Yule kijana alikuwa mchangamfu, na kila akiona mteja wake amenyamaza alidhani ni wa kuchangamshwa. Akamweleza kwamba huko hewa ni safi, kuna kibaridi kizuri, mtu akilala hataki tena kuamka. Akasema wahudumu wake ni wapole. Akasema hata yeye mwenyewe Mungu akimjalia, mwezi wa kumi na mbili atampeleka mama yake.

"Umpeleke mama yako?" Nyamvula akauliza.

"Kwa nini nisimpeleke? Amenilea kwa taabu."

"Kijana," Nyamvula akasema, "mwogope Mungu."

Dereva akamwangalia kwenye kioo, akaona afadhali aendeshe.

Langoni palikuwa na askari wa hifadhi aliyevaa sare ya kijani, amesimama chini ya bango lenye picha ya kasa. Nyamvula bango hakuliona. Aliona kwa mbali, kati ya mivinje, kona ya turubai la bluu lenye msalaba mweupe wa kanisa, na hapo sauti ikamfunguka. "Ndugu yangu weee! Charo weee! Umeniacha na nani?" Askari alikuwa ameanza kusema habari ya tikiti. Alimwona anavyokuja, akafungua lango lote akasimama kando.

Sarah alikuwa ameinamia jiko la mawe anapuliza moto, kuni zina unyevu, machozi yanamchuruzika kwa moshi na mafua. Alipoinua kichwa akamwona wifi yake anakuja mbio huku anapiga ukemi, mikono kichwani. Mwanamke aliyeapa kwamba hatakanyaga kwao isipokuwa siku ya matanga. Basi Sarah naye angefikiri nini? Akaangusha mwiko, akapiga kelele kubwa kuliko za wifi, na wawili wale wakakumbatiana wakaanguka pamoja juu ya godoro.

"Nani, wifi?" Sarah akalia. "Niambie, nani amekufa?"

"Waniuliza mimi?"

"Ni ami yenu Munga? Ni nani?"

"Sarah, usinichanganye! Charo yuko wapi? Wamemweka wapi?"

"Charo? Kwani Charo amefanya nini?"

Watu wa mahema mengine wakaanza kusogea. Mama mmoja wa Nairobi akaleta maji ya chupa, mwingine akaanza kusali. Ndipo Charo alipotokea kutoka pwani mbio, amevaa kaptura iliyolowa, Fancy amempanda mabegani na Griffin anamfuata na ndoo. Akaona dada yake chini, mkewe chini, watu wamezunguka.

"Jamani, ni nani amekufa?" akapaza sauti.

Nyamvula aliinua macho. Alimwona kuanzia miguuni, yenye mchanga, akapanda taratibu mpaka kifuani, akafika usoni. Kisha akanyanyuka, akaenda mpaka alipo, akamshika shavu, akalifinya kwa nguvu mpaka Charo akasema "Aii!"

"Una joto," Nyamvula akasema.

"Nina joto kwa kuwa nimetoka kukimbia, dada. Kuna nini?"

Akamchapa na leso. Akamchapa tena, mabegani, kichwani, na Fancy akateremshwa haraka asije akapata la baba yake. "Umetangulia wapi, wewe? Uko hifadhi gani? Mwanaharamu wewe, nani alikwambia uzime simu?" Maneno yakatoka vipande vipande, ya pikapu, ya turubai, ya Mwanatabu, mpaka Sarah akaelewa, akajishika mdomo kwa mikono miwili. "Mungu wangu. Ni mimi. Nilisema ametangulia."

Hapo kicheko kikaanza. Kilianzia kwa yule mama wa maji ya chupa, kikapita kwa watu wa mahema, kikamfika Charo. Na Charo alicheka kupita wote. Alicheka mpaka akakaa mchangani, anajipiga mapaja, akasema, "Kumbe mimi marehemu! Sarah, mpakulie marehemu wali!" Griffin alikuwa amelala chali anacheka. Hata askari aliyekuja kuangalia usalama alikuwa ameegemea mvinje, kofia imefunika uso.

Nyamvula peke yake hakucheka. Alisimama katikati yao, leso imefunguka, jasho linamtoka. Alikuwa amevuka bahari na kifo cha mtu moyoni, alikuwa ameungama kwa maji ya kivukoni mbele ya watu asiowajua, na sasa yule yule aliyemlilia alikuwa anamgeuza mchezo wa kuigiza. Aliona aibu, na aibu kwa Nyamvula haikai muda mrefu kabla haijawa hasira.

"Cheka," akasema. "Cheka, Charo. Bora ningekukuta umekufa."

Kicheko kilikatika. Watu wa mahema wakaangalia chini, wakarudi makwao mmoja mmoja. Charo aliinuka taratibu, na uso wake ulikuwa umebadilika. Nyamvula mwenyewe alitamani alirudishe lile neno, lakini lilikwisha toka, tena kinywani mwa mkubwa, tena kwa mtu aliyemlea. Kwao, neno la namna hiyo halifutwi kwa pole na samahani. Mkubwa hushika maji, husema yote aliyoyafunga moyoni, yote bila kubakisha hata moja, kisha maji yale huyatia kinywani akayapuliza chini. Akificha kitu, neno linabaki palepale.

"Dada," Charo akasema, na sasa alikuwa amepiga magoti. "Liondoe."

Nyamvula alitazama njia ya lango. Angeweza kuondoka. Kiburi chake kilimwambia aondoke, na miguu ilikuwa tayari. Lakini siku hiyo alikwisha onja kukosa ndugu, kuanzia kivukoni mpaka hapa, na ladha yake bado ilikuwa mdomoni.

"Nipeni maji," akasema.

Sarah akaleta kikombe cha plastiki. Nyamvula akakinusa. "Hii ni juisi."

"Ya ukwaju, wifi. Maji yote tumepikia wali."

"Mizimu ya kwetu itatucheka," Nyamvula akasema, lakini akakishika kwa mikono miwili, akakaa juu ya godoro mbele ya mdogo wake.

"Nina uchungu," akaanza. "Nina uchungu wa jina. Mlimnyima mama jina lake." Charo aliinamisha kichwa. Ilionekana kama amemaliza, na akainua kikombe, akakishusha tena, kwa sababu alijua hajamaliza. "Siyo jina tu. Nilikubeba wewe mpaka watu wakadhani nimekuzaa. Mtu alikuja kunioa, akasema ananioa mimi, mtoto hamchukui, nikamfukuza. Sikumjutia. Siku uliyooa nilicheza mpaka visigino vikachubuka. Kisha nikarudi Mtongwe nikapika, nikapakua sahani mbili. Nikaitazama ile ya pili. Tangu siku hiyo nina hasira na wewe, Charo, na sikuwa na pa kuiweka. Mlipomwita mtoto Fancy, nikapata pa kuiweka. Nilitaka uje unibembeleze. Hukuja. Nikaona basi, kazi yangu kwako imekwisha."

Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, yale yaliyokataa kutoka kwenye feri. Sarah alikuwa ameketi nyuma yake, anapenga kamasi kwenye ncha ya khanga.

"Naweza kusema?" Charo akauliza.

"Sema."

"Dada, mimi mama simjui. Nimejaribu kumkumbuka uso, hauji. Wakisema mama, mtu ninayemwona ni wewe, uko kwenye cherehani na sindano mdomoni. Mtoto alipozaliwa nilimshika nikataka kumwita Kaviha, nikaona nasema uongo. Nikataka kumwita Nyamvula, kwa sababu mama yangu ni wewe. Nikaogopa. Nilijua utasema nimemruka mama, nimempa wewe nafasi yake ungali hai. Usiku mzima sikulala. Asubuhi Sarah akasema, basi tutafute jina ambalo halina mtu ndani yake. Ndiyo hilo." Akajifuta pua kwa mkono. "Na sikuja kukubembeleza kwa sababu ningekuja ningelisema hili, na nilikuwa naona haya."

Nyamvula alijaza kinywa chake juisi ya ukwaju, mashavu yakavimba, akapuliza. Nyingine ilimwangukia Charo kifuani, nyingine mchangani. Akatia tena, akapuliza tena, na mara ya tatu akamshika kichwa akakikandamiza tumboni kwake, kama anavyoshikwa mtoto aliyeota ndoto mbaya.

"Moyo wangu mweupe," akasema. "Neno langu limekwenda na maji."

"Na juisi," Fancy akasema kutoka nyuma ya mvinje.

"Wewe njoo hapa, jina tupu," Nyamvula akamwita. Mtoto akaja akikokota miguu, akasimama mbele yake. Nyamvula akamfungua mdomo, akalikagua pengo la meno, akamnusa shingoni, palikuwa na chumvi. "Mimi ni shangazi yako. Nani amekufunga nywele hivi? Zimekaa kama amefunga kipofu. Kaa hapa." Na Fancy akakaa katikati ya magoti yake, nywele zikaanza kufunguliwa.

Wali ulikuwa umeshika ukoko. Waliula hivyo hivyo na samaki wa kukaanga, na Charo hakuthubutu kufanya mzaha hata mmoja. Mwanatabu alipigiwa, akapiga kelele za furaha, kisha akaomba radhi kwa kuwa tayari alikuwa amekwisha waambia akina mama wa kanisa, na mchango ulikuwa umeanza. Jua lilipopungua ukali, askari wa langoni akapita kwenye mahema, kalamu sikioni, kuhesabu watu kabla hajafunga. Alipofika kwao alimwangalia Nyamvula kwa tahadhari.

"Hapa mnalala wangapi?" akauliza.

Charo akageukia moto, akachochea kuni. Sarah akashughulika na sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Watoto walimtazama shangazi yao. Hakuna aliyetaka kumjibia.

Nyamvula alikuwa anamsuka Fancy mstari wa mwisho, hakuinua kichwa.

"Watano," akasema. "Lakini mimi nataka lile godoro nene."